Bunduki ya misumari: anza na msumari

Kijana mmoja niliyemfundisha useremala tangu siku za kushika randa alinipigia simu akiwa dukani kununua bunduki ya misumari. "Fundi, ziko mbili hapa, zote za fremu. Moja imeandikwa nyuzi 21, nyingine 34. Nichukue yenye nguvu zaidi?" Nikamwambia aziache zote pale zilipo, aende kwenye rafu ya misumari, aangalie ni maboksi ya aina gani yamejaa. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa natania. Mashine utainunua mara moja. Misumari utainunua kila wiki kwa miaka. Na bunduki ya fremu, yaani ya kuunganisha mbao za kiunzi cha nyumba, haili msumari wowote utakaoipa. Hizo nyuzi ni mwinamo wa chemba ya misumari, na kila mwinamo una misumari yake, iliyoshikanishwa kwa namna yake. Ya nyuzi 21 hutumia misumari yenye kichwa kizima cha duara, iliyoshikwa kwa ukanda wa plastiki. Ya nyuzi 28 hushikwa kwa waya mwembamba. Za nyuzi 30 hadi 34 hushikwa kwa karatasi, na kichwa cha msumari huwa kimekatwa upande kama mwezi wa nusu, au kimesogezwa pembeni ya mwili wake, ili misumari ibanane vizuri. Halafu kuna ya koili, yaani misumari iliyoviringishwa, nyuzi 15, ambayo hubeba misumari 200 na zaidi kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni tamu kwa kazi ndefu isiyo na kona, lakini ikijaa ni mzigo, na kuipenyeza kati ya nguzo mbili ni shida.

Mimi niliwahi kununua ya nyuzi 28 kwa kuipendea umbo tu. Ilikaa mkononi kama imeumbwa kwa ajili yangu. Miezi miwili baadaye misumari yake ikaadimika nikiwa katikati ya paa. Mashine ikarudi kwenye sanduku, nami nikamaliza kenchi zilizobaki kwa nyundo, huku nikitafuta wa kumlaumu na kumkosa.

Plastiki na karatasi nazo zina tabia zake. Ukanda wa plastiki ukivunjika hurusha vipande. Kimoja kitakupiga shavuni, kingine kitabaki chini ya kichwa cha msumari na kukizuia kisizame. Karatasi haina fujo hiyo, ila ikinyeshewa huvimba na kukwama chembani. Kama unafanya kazi juani na mvuani, weka maboksi yako ya karatasi mahali pakavu, au zoea plastiki na miwani.

Kuhusu kichwa kilichokatwa, usibishane na fundi mwenzako, soma kanuni za ujenzi. Ziko sehemu zisizokubali kichwa cha namna hiyo kwenye kuta zinazotakiwa kuhimili upepo mkali au tetemeko. Na unene ni jambo ambalo wengi hawalisomi kabisa. Msumari mnene wa mkono wa inchi tatu na nusu hufika milimita 4.1, wa bunduki wa urefu huohuo mara nyingi ni 3.3. Kwa hiyo mchoro ukisema misumari mitatu minene, huwezi kupiga mitatu ya bunduki ukaenda zako. Muulize mhandisi iongezwe mingapi. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo hula chuma kitupu, hivyo hakikisha kwamba misumari iliyochovywa kwenye zinki inapatikana kwa mwinamo unaoutaka kabla hujatoa hela.

Ukishajua msumari, ndipo uje kwenye nguvu. Ya hewa ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Ina vitu vichache vya kuharibika ndani, uzito wake ni kama kilo tatu na nusu, na inataka presha ya kati ya psi 70 na 120 (psi ni kipimo cha presha ya hewa). Kompresa ndogo inamtosha mtu mmoja. Mkiwa wawili kwenye kompresa ileile, au mpira wa hewa ukiwa mwembamba na mrefu kupita kiasi, utaona misumari inaanza kubaki nusu nje, na utailaumu bunduki bure. Ole wako ufikirie kuiunganisha na mtungi wa oksijeni kwa sababu kompresa imezima: hapo umetengeneza bomu.

Ya betri inakuondolea mpira. Juu ya paa hilo ni jambo kubwa, maana mpira ndio unaokukwaza mguu. Lakini nyingi huvuka kilo nne, na ukipiga misumari ya juu ya kichwa asubuhi nzima, bega litakukumbusha. Ya gesi, aina iliyopata umaarufu baada ya kampuni ya Paslode ya Marekani kutoa yake mwaka 1986, ni nyepesi kidogo, ila inataka kopo la gesi na betri pia, inataka kusafishwa mara kwa mara, na kwenye baridi kali hugoma. Mimi sina subira nayo.

Sasa triga, kile kifyatulio cha kidole, na hapa ndipo nitakuwa mkali. Bunduki zote hizi zina ncha ya usalama puani. Isipokandamizwa kwenye mbao, mashine haifyatui. Tofauti iko kwenye utaratibu. Triga ya mfuatano inataka ukandamize pua kwanza, kisha uvute, na uachie vyote kabla ya msumari unaofuata. Triga ya kugonga inakuruhusu ushikilie kidole muda wote. Kila pua inapogusa kitu, msumari unatoka. Kitu, nasema. Mbao, paja lako, goti la msaidizi.

Nilikuwa napiga mshazari, kuunganisha mguu wa nguzo na boriti ya chini, mkono wa kushoto umeshika nguzo isihame. Triga ilikuwa ya kugonga. Msumari wa kwanza ukaingia, bunduki ikaruka kwa mshtuko wake, pua ikatua tena juu kidogo, na wa pili ukatoka bila mimi kuutaka. Ulipita ukingo wa nguzo na kutokeza upande wa pili, upana wa kidole kutoka gumba langu. Niliukata ule msumari kwa koleo nikiwa natetemeka.

Wengine hawakubahatika. Takwimu za Marekani za 2001 hadi 2005 zilionyesha watu wapatao 37,000 kwa mwaka wakitibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari, na mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na NIOSH na OSHA, taasisi za Marekani za usalama kazini, unasema zaidi ya nusu ya majeraha yanayoripotiwa ni ya mikono na vidole, na kwamba triga ya kugonga ina hatari mara mbili ya ile ya mfuatano. Najua mafundi watasema ya mfuatano inachelewesha. Inachelewesha, kweli. Kwenye kupigilia plaiwudi sakafuni utaisikia. Kwenye fremu, muda mwingi unapotea kwenye kupima na kunyoosha, si kwenye kidole.

Mengine ni ya haraka. Meno ya pua yawe makali, la sivyo mshazari utateleza. Kirekebishi cha kina cha kuzama kwa msumari kizungushwe kwa vidole, bila spana. Usitarajie bunduki ya kawaida ya fremu ilenge matundu ya vishikizo vya chuma. Hiyo ina mashine yake. Na mbao ngumu iliyokauka itapinda msumari hata kwa psi 120, kwa hiyo toboa kwanza. Ya hewa itie matone machache ya mafuta yake kila asubuhi, kwenye tundu la hewa.

Kijana alipiga tena baada ya nusu saa. Rafu ilikuwa imejaa misumari ya karatasi, ya plastiki ilibaki boksi moja lenye vumbi. Nikamuuliza triga ni ya namna gani. Kukawa kimya, nikasikia akiigeuza mashine. "Ina kiswichi, fundi. Kimewekwa kwenye kugonga." Nikamwambia akigeuze hapohapo, kabla hajafika kwenye malipo.