Mitumba baada ya korona: marufuku pekee haishoni nguo

Mwaka 2020 Kenya ilijaribu jambo ambalo wanasiasa wa Afrika Mashariki walikuwa wameliahidi kwa miaka mingi bila kulitenda. Kisa cha kwanza cha korona kilithibitishwa Machi 13, na muda mfupi baadaye serikali ikasimamisha uingizaji wa mitumba kwa hofu kwamba marobota yangeleta virusi. Marufuku iliondolewa Agosti. Kwa miezi hiyo, mlango ambao wenye viwanda vya nguo walisema ndio uliowaua ulikuwa umefungwa.

Kilichotoka viwandani ni barakoa. Kiwanda cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kiligeuza cherehani zake na kuanza kuzishona kwa maelfu kila siku. Kiwanda cha vitambaa cha Rivatex, Eldoret, na viwanda vya EPZ, yale maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, navyo vikaingia katika kazi hiyo. Ilikuwa fahari halali, kwani nchi iliyokuwa ikidhani lazima iagize kila kitu ilijikuta inajishonea. Lakini shati la mia mbili la kumvika mtoto wa Kayole halikutoka popote. Barakoa zilishonwa kwa sababu mnunuzi alijulikana, oda ilikuwa kubwa na kila mtu alilazimika kuivaa. Shati halina bahati hiyo.

Haki ya upande wa pili lazima itajwe. Miezi mitano si muda wa kujenga kiwanda. Isitoshe, wakati huo huo oda za ng'ambo zilikuwa zimekatwa na mifuko ya wanunuzi ilikuwa mitupu. Anayesema jaribio la 2020 lilithibitisha kwamba viwanda haviwezekani anakosea kama yule aliyetarajia vifufuke kwa tangazo moja. Tulichojifunza ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu kina manufaa zaidi: kiwanda hufuata oda, wala hakifuati pengo.

Historia nayo ni chungu. Rivatex ilianzishwa 1976, enzi ambayo pamba ya mkulima ilikuwa na mnunuzi na kitambaa cha nyumbani kililindwa kwa ushuru. Soko lilipofunguliwa mapema miaka ya tisini, mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua Rivatex mwaka 2007, na mitambo mipya ikazinduliwa 2019. Wenye viwanda hawadanganyi wanaposema mitumba iliwaumiza. Wanachokiruka ni mengine yaliyokuja pamoja nayo: mkulima aliyelipwa kwa kuchelewa hadi akaacha pamba, umeme ghali, mashine zilizochakaa, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia. Hili la mwisho ndilo ninaloona linasahaulika zaidi. Ukiondoa mtumba katika soko la Gikomba, Nairobi, leo, mnunuzi hatapanda basi kwenda Eldoret. Ataelekea maduka ya Eastleigh, anunue blauzi mpya ya poliesta iliyotoka China, itakayopauka kabla ya mwaka kuisha.

Rwanda imetuonyesha hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, Washington ikatishia kuwatoa waasi katika AGOA, mpango wa Marekani unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, na Kenya, ambayo ilikuwa ikiuza nguo nyingi Marekani kupitia mpango huo, ikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Nawaheshimu kwa msimamo huo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pengo ilizibwa na nguo mpya kutoka China, na mitumba ikaendelea kupenya mipakani.

Sasa upande wa wauzaji. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, kama kontena 8,000. Nyuma ya takwimu hizo kuna wapasuaji wa marobota, wabebaji, mafundi wa kupunguza viuno, wapiga pasi na akina mama wanaotembeza nguo mitaani. Korona ilipobana ajira za ofisini na hotelini, wengi waliosimamishwa kazi walikimbilia huko huko, maana biashara hii haitaki cheti. Mnunuzi naye hapaswi kubezwa. Mama anayechagua sweta Gikomba, akalivisha watoto watatu kwa zamu kisha akaligeuza tambara la jikoni, ametekeleza matumizi ya kuwajibika kuliko wengi wanaoyahubiri makongamanoni. Lengo la 12 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, linalohusu matumizi hayo, linapoletwa kwake kama somo, linakuwa limekosea anwani.

Lakini si kila kinachotoka kwenye robota ni kamera, kama wafanyabiashara wanavyoita mali safi ya juu. Kuna fagia: nguo zenye madoa, zilizochanika, au nyembamba kiasi kwamba hakuna fundi wa kuziokoa. Ripoti ya 2023 ya shirika la Changing Markets Foundation ilikadiria kwamba kati ya nguo zaidi ya milioni 900 zinazoletwa Kenya kwa mwaka, hadi milioni 458 hazina thamani. Wafanyabiashara wanaipinga vikali. Wanauliza, ni nani angelipia kontena, ushuru na usafiri ili anunue taka? Hoja yao ina uzito, kwa kuwa hakuna mchuuzi anayetaka hasara. Ila robota hununuliwa likiwa limefungwa. Muuzaji wa Gikomba hulipa kwanza kisha ndipo anaona. Hasara anaibeba yeye, na mzigo wa kuitupa unabebwa na Mto Nairobi na jaa la Dandora. Na kwa kuwa nyingi ni za nyuzi za plastiki, haziozi. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kwa adhabu kali, inaipokea plastiki ile ile ikiwa imeshonwa mikono na kola.

Kwa hiyo swali la kufunga au kuacha wazi naliona limeulizwa vibaya. Biashara ya nguo zinazovalika iachwe. Kinachopaswa kuzuiwa ni kuhamisha gharama ya taka. Uchambuzi wa nguo ufanywe zinakotoka, si juu ya meza za Gikomba, na anayesafirisha fagia alipie. Upande wa viwanda, kitakachosaidia ni oda za hakika: sare za polisi, za shule, mashuka ya hospitali, yote yakitoka kwa kitambaa cha nyumbani kwa mikataba ya miaka kadhaa na malipo yasiyochelewa. Mwishoni mwa 2019 watumishi wa umma waliagizwa wavae mavazi ya Kenya kila Ijumaa. Ilipendeza kwenye picha, lakini Ijumaa moja kwa wiki haiendeshi mtambo wa kusokota nyuzi. Na viwanda vyenyewe visisamehewe. Kupaka pamba rangi hutumia maji mengi na kemikali, na mto uliochafuliwa na kiwanda cha kizalendo si msafi kwa sababu ya uzalendo wake.

Kuna jambo moja la haraka. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na maana yake ni kwamba shehena zinazotafuta pa kwenda huenda zikaongezeka. Wakati huo huo Ulaya inaandaa utaratibu wa kuwatoza watengenezaji wa nguo gharama ya mwisho wa bidhaa zao. Ufaransa imekuwa nao tangu 2007, na fedha hizo kwa kiasi kikubwa hubaki huko huko, ilhali nguo zinavuka bahari. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa taka yake, ila mkono wake haufiki Paris wala Berlin. Kuzidai fedha hizo kunahitaji meza ya mazungumzo, na nchi moja ikienda peke yake itaadhibiwa kama Rwanda ilivyoadhibiwa 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishindwa kusimama pamoja ilipotaka kufunga mlango. Kudai malipo ya taka ni dai jepesi zaidi, kwa sababu halimnyimi mchuuzi wa Gikomba, wa Owino kule Kampala wala wa Karume kule Dar es Salaam riziki yake.