Springi Inadai Mzigo

MGB ya marehemu mjomba, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilikuwa imekaa chini kwa nyuma kiasi kwamba kila tuta la Tabata lilikwangua bomba la moshi, na watoto wa mtaani walijua narudi nyumbani kabla hata sijakata kona. Mbele ina springi za duara, lakini nyuma Waingereza wa kiwanda cha Abingdon waliiwekea springi za mabamba, zilezile za pikapu. Chuma kikizeeka upinde unaisha, bodi linalala juu ya ekseli. Dawa yake springi mpya.

Fundi wa Gerezani akacheka. "Bosi, uagize Ulaya kwa ajili ya springi? Naongeza bamba la pikapu hapo, unasahau."

Jioni nikaikuta imebinuka, makalio juu, pua chini, kama bata anayezamia. Taa zinamulika lami pale pale chini ya bampa. Mwaka 1974 kiwanda chenyewe kiliinua MGB kama inchi 1 ili kutimiza sheria za bampa za Marekani, na wenye nazo wananung'unika mpaka leo. Sasa wangeiona hii!

Tuta la kwanza, kichwa changu na turubai la paa vikasalimiana. Bamba lile limezoea kubeba viroba vya vitunguu, na MGB nzima haifiki tani moja. Litapinda kwa lipi? Mbele kidogo trafiki akanisimamisha, akazunguka nyuma, akainama, akauliza kwa upole mzigo nimeushusha wapi.

Nikampigia fundi. "Springi inadai mzigo, bosi. Weka saruji."

Mifuko miwili, kilo 50 kila mmoja, nikailaza kwenye buti juu ya tairi la akiba. Na kusema haki, gari likakaa sawasawa! Nilitamba nalo mpaka masika yakaingia. Raba ya buti ilikauka tangu enzi za mjomba, na spana ya magurudumu ilikuwa imeshatoboa mfuko wa chini.

Pancha ikanikuta Barabara ya Mandela. Kufungua buti, tairi la akiba limezikwa, imebaki valvu tu inachungulia. Fundi akaja, akatazama, akasema hiyo si kazi yake, akamwita shemeji yake, mwashi. Mwashi akagonga kwa tindo, akatega sikio, akagonga tena.

"Limekomaa kweli hili," akasema. "Mlimwagilia siku ngapi?"