Nani anamlisha nani? Dar es Salaam, Rukwa na hesabu ya kodi

Kila Juni bajeti ikishasomwa Dodoma, lalamiko lilelile huzuka jijini, kuanzia vijiwe vya Kariakoo hadi makundi ya WhatsApp ya Kivule: Dar es Salaam tunakamuliwa, mikoa inakula. Kodi nyingi ya nchi hii inakusanywa hapa, wanasema, halafu masika yakikaza kidogo Msongola haipitiki, mto umepanda barabarani pale Jangwani na mwendokasi umesimama. Na Chato, kwao hayati Rais Magufuli, wanakumbusha, kuna uwanja wa ndege.

Wana hoja. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa huu umetoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Milioni moja na ushee walioongezeka hawakuhamia Masaki. Wako Chanika, Toangoma na Mbopo, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa hatua, wakiisubiri TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Foleni ya jiji hili inamgharimu hata mtu asiyewahi kulikanyaga, maana mbolea yake hupita bandari hii kabla ya kumfikia.

Historia nayo inawabeba kiasi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 uliteua miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Viwanda vikapelekwa huko kwa mpango wa serikali, na vingi havikudumu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikitarajiwa kuuza viatu Ulaya, hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake. Anayesema kwamba maendeleo hayagawiwi kwa kuchora duara kwenye ramani hajasema uongo.

Hadi hapo niko nao. Tunaachana pale kodi inapoletwa kama ushahidi.

Mchukue mkulima wa mahindi wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Asubuhi anajaza petroli lita mbili kwenye pikipiki. Ndani ya bei hiyo mna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara ambazo forodha ilishazikusanya mafuta yalipoingia nchini. Kwenye vitabu hiyo ni kodi ya Dar es Salaam. Na kwa kuwa bei elekezi ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huongeza gharama ya kuyafikisha mafuta kila wilaya, yeye anailipia lita ileile zaidi ya mtu wa Sinza. Adhuhuri ananunua kifurushi cha simu. Kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 hapo, na VAT ya asilimia 18, lakini kampuni ya simu makao yake makuu yapo Dar na ritani zake za kodi zinawasilishwa kwenye idara ya walipakodi wakubwa ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa hiyo fedha hiyo nayo inahesabiwa kwetu. Jioni akinywa bia moja, hata kama imepikwa Mbeya, hadithi ni ileile. Mpaka analala, mtu huyu ameichangia Hazina mara tatu, na kwenye takwimu za makusanyo kwa mkoa Rukwa haijaandikiwa hata shilingi.

Kinachohesabiwa ni mahali risiti ilipokatwa. Aliyelipa kweli haonekani. Ukiacha kodi ukatazama uzalishaji wenyewe, takwimu za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zinaipa Dar es Salaam takriban asilimia 17 ya pato la taifa, ilhali ina asilimia 8.7 ya Watanzania. Ni jiji tajiri kuliko wastani, mara mbili hivi. Ila huo si utajiri wa kuibeba nchi nzima mgongoni, kama tunavyopenda kujisifu. Na sehemu ya uzalishaji huo inaendeshwa kwa umeme wa gesi iliyosafirishwa kwa bomba kutoka Mtwara hadi Kinyerezi, bomba ambalo mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kulipinga hadi wengine wakapoteza maisha. Wakati ule wengi wetu hapa tuliwaona wabinafsi.

Lakini jambo linalonikera kuliko hayo yote ni mahindi.

Miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Ukiuza Songea au ukiuza Morogoro, Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikulipa sawa, na usafiri ukabaki juu yake. Mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikageuka ghala la taifa, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuwa mbali hakukuwa adhabu. NMC ilikula hasara kubwa na katika miaka ya 1980 utaratibu huo ukaachwa. Mchumi yeyote atakwambia ilibidi, nami sina nguvu ya kumbishia: shirika halikuwa na uwezo wa kuendelea kulipa malori kwa mkopo.

Ila tazama kilichofuata. Mkulima wa Rukwa akaambiwa soko ni huria, gharama ya lori ni yake. Sawa. Basi soko lake la karibu si Tandale wala Manzese. Ni Zambia na Kongo, kupitia Tunduma na Ziwa Tanganyika. Alipotaka kuuza huko akakuta geti limefungwa: mwaka 2011 serikali ilizuia kusafirisha mahindi nje, na mwaka 2017 ikazuia tena, ikitaka kwanza yasagwe ndipo unga utoke. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na haikuwa ya kubuni. Mwaka 2011 Somalia ilikuwa kwenye njaa iliyotangazwa rasmi, na hakuna serikali inayotaka kuona sembe inapanda mijini kipindi kama hicho. Lakini kuna mtu aliyelipa. Bei ya gunia shambani ilianguka, na tofauti kati ya ile ambayo mnunuzi wa Zambia angetoa na ile aliyotoa dalali wa hapa ilitoka mfukoni mwa mkulima ikaingia kwenye sufuria zetu za ugali. Hiyo ni kodi kamili. Haikupitia bungeni, TRA haikuipokea, na hakuna aliyeandikiwa risiti. Huria ikawa upande wa gharama tu.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliikuta Rukwa na asilimia 45 ya watu chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Dar es Salaam asilimia 8. Utafiti wa afya wa 2022 ukakuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Siwezi kudai zuio la mahindi ndilo lililosababisha haya. Udumavu una mengi ndani yake, kuanzia maji hadi mzigo wa kazi za mama. Lakini mkoa unaolisha wengine ukiwa na watoto wa namna hiyo, mtu wa Sinza hana mdomo wa kusema anaulisha.

Sera nyingine zinaongeza pengo bila nia mbaya yoyote. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Usawa mtupu, ukisoma kifungu. Ila asilimia 10 ya Jiji la Dar es Salaam, lenye Kariakoo na maofisi ya Posta, ni mtaji wa vikundi kwa mamia. Asilimia 10 ya Nkasi itatoa bodaboda chache. Kijana maskini zaidi ndiye anayekopeshwa kidogo zaidi, kwa kosa la kuzaliwa kwenye halmashauri maskini.

Hata huruma huishia hivyo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima alipumua, na alistahili. Lakini huo ndio uliokuwa mhimili wa mapato ya halmashauri za vijijini. Nafuu ilitolewa na Serikali Kuu, pochi iliyofunguliwa ilikuwa ya halmashauri. Kariakoo haina ushuru wa mazao wa kupoteza kiasi hicho.

Kwa hiyo barabara ya Msongola ijengwe. Ijengwe kwa sababu watu wanaishi huko na wanachelewa kazini, sababu inayotosha kabisa bila kumsimanga mtu wa Sumbawanga. Uwanja wa Chato ujadiliwe kwa kuuliza abiria wangapi wanautumia. Ni upendeleo wa sehemu moja, na Namanyere haikufaidika nao kuliko Mbagala.

Penye kazi hasa ni kwenye mishahara, na huko wanasiasa hawapatembelei. Mwaka 2004 ruzuku ya afya kwa halmashauri ilipewa kanuni nzuri: asilimia 70 kwa idadi ya watu, kisha 10 kwa umaskini, 10 kwa vifo vya watoto na 10 kwa umbali ambao magari ya huduma yanalazimika kusafiri. Mishahara haikuifuata kanuni hiyo. Inamfuata mtumishi popote alipo. Muuguzi akipata uhamisho kutoka Nkasi kuja Temeke, mshahara wake unakuja naye, na hakuna mstari wowote kwenye kitabu cha bajeti unaoandika kwamba siku hiyo Nkasi imepunguziwa fedha.