Mast, neno la nguruwe aliyenona

Ukitafuta mast katika kamusi ya Kiingereza, kwanza utakutana na mlingoti. Teremka kidogo. Chini yake kuna neno jingine lenye herufi zilezile, lisilo na udugu na chombo chochote cha baharini: kokwa za msituni zilizodondoka, hasa za mwaloni na za ule mti ambao Waingereza huuita beech na Wajerumani Buche. Hili la pili ndilo ninalolipenda, na naona limeonewa kuwekwa nyuma.

Kiingereza cha kale kililiandika mæst. Asili yake ni chakula cha kunonesha, na wa kunoneshwa ni nguruwe. Sisi husema mtu amenenepa, mnyama amenona. Neno hili liko upande wa kunona. Kokwa ya Buche ina pembe tatu na hukaa mbilimbili ndani ya ganda lenye vijimiba, ya mwaloni ni nene na ya mviringo kama yai dogo, lakini zote zilipewa jina moja kwa kuwa ziliingia tumbo moja. Na tumbo hilo lilikuwa mali hasa! Mwaka 1086, makarani wa Mfalme William walipoorodhesha mali za Uingereza, misitu mingi waliiandika kwa hesabu ya nguruwe walioweza kulishwa humo.

Baadaye Kiingereza na Kijerumani, watoto wa lugha moja ya kale, wakagawana urithi wa neno hili. Kiingereza kikabaki na kokwa: mwaka wa mast ni ule ambao miti huzaa kwa pamoja, tena kwa wingi, hata panya na ndege washindwe kuzimaliza na mbegu zipate kuota. Kijerumani kikabaki na nguruwe. Wanamisitu wao bado wanasema Mastjahr, yaani mwaka wa mast, lakini kwa wengine die Mast ni kunenepesha mifugo tu, hata bandani kwa mahindi na soya, pasipo kivuli cha mti. Hilo linanihuzunisha.

Ndiyo maana naupenda msitu wa New Forest, kusini mwa Uingereza. Kila vuli wenyeji wenye haki ya malisho huwaachia nguruwe wao humo, wakiwa na pete puani wasifukue mno ardhi. Kokwa za mwaloni ni sumu kwa farasi na ng'ombe wakizila kwa wingi. Nguruwe huzitafuna kwa kelele, mti hadi mti, kabla farasi hawajazifikia.