Ile ripoti ya 2013 iko wapi?

Kuna mwandishi anayesema Wakenya tutaungana tukianzisha mazungumzo ya kitaifa. Mengine tena? Baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na malaki kufukuzwa makwao kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, iliundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilizunguka nchi, ikasikiliza wajane na wakimbizi wa ndani, ikafukua mambo tangu 1963, na Mei 2013 ikamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake. Humo mna habari za dhuluma za ardhi ambazo wakubwa hawapendi hata kuzisikia. Ripoti ikaachwa ipigwe vumbi.

Machi 2018 Uhuru na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mikono mbele ya Jumba la Harambee, tukashangilia (nami nilikuwemo, sikatai). BBI, mpango wa kubadili katiba uliozaliwa pale, ulizimwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022.

Mimi nimekulia Bonde la Ufa. Kwetu majirani wanakopeshana unga, wanazikana, watoto wanaoana. Ila kura ikikaribia, mtu anaanza kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?" ilhali kazaliwa papo hapo, na kitovu chake kimezikwa papo hapo. Swali hilo hatulitungi sisi, linakuja na magari ya kampeni yenye vipaza sauti.

Kwa hiyo kabla ya kamati mpya na posho zake, wabunge waitoe ile ripoti waijadili hadharani. Waanze na ardhi.