Siku Mbili Kilwa

Wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda kutembea Kilwa huondoka Ijumaa na kurejea Jumapili, na kwa kuwa njia ina zaidi ya kilomita 300, muda unaobaki wa kutazama mji na visiwa vyake ni siku moja na kidogo. Wapo wanaoiona safari ya namna hiyo kuwa ni kuivunjia heshima Kilwa, dola iliyopiga sarafu zake yenyewe na kutajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo.

Malalamiko yao yana msingi. Mgeni mwenye haraka huvushwa kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara, hadi kisiwa cha Kilwa Kisiwani, akapigwa picha kwenye Gereza, yaani ngome ya kale, na chini ya kuba za Msikiti Mkuu, kisha akageuza. Husuni Kubwa, ambayo licha ya jina lake ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wala si ngome, iko mbali kidogo na magofu mengine, juu ya mwamba unaotazama bahari, na kwa hiyo huachwa pamoja na birika lake la pembe nane. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, nayo haiendi na saa ya mtu, kwa sababu maji yakipwa chombo hakifiki karibu, na abiria hushuka kwenye tope na kupita katikati ya mikoko. Asiyeweza kusubiri maji hukiondoa kisiwa hicho kwenye ratiba kabla ya kingine chochote, ingawa UNESCO ilikiorodhesha pamoja na Kisiwani kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Hata hivyo, mfanyakazi mwenye likizo fupi na watoto wa kusomesha atapata wapi wiki nzima? Tukishikilia kwamba Kilwa haitembelewi ila kwa utulivu, tutakuwa tumewaachia wageni wa ng'ambo peke yao. Nahodha na mwongozaji hulipwa kwa kila safari, hata kama mgeni hatalala. Na kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mmomonyoko wa fukwe na uchakavu ndivyo vilivyozifanya zikae kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Sioni kwamba nyayo za mtu anayekaa wiki zinazifaa kuliko za anayekaa saa tatu.

Kwangu mimi, kasoro ya safari fupi haiko kwenye ufupi wake. Iko kwenye kuiruka Kilwa Kivinje, isiyohitaji boti wala kusubiri maji, kwa kuwa ni mchepuko mfupi tu ukishapita Nangurukuru kuelekea Masoko. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapo. Wajerumani wakajenga boma lao, na wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa mjini humo wana mnara wao wa kumbukumbu. Kisiwani hutupa fahari ya masultani aliyoikuta msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na ni rahisi kuipenda. Kivinje ina nyumba zinazobomoka na habari ya watu waliouzwa, na nashuku kwamba hiyo, kuliko uhaba wa muda, ndiyo inayofanya magari yapite bila kukata kona.