Konseto za obo za Bach: zimerudishwa au zimebuniwa?

Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, hakutuachia konseto (kazi ya mpigaji pekee na okestra) hata moja ya obo pekee, ala ya kupuliza yenye matete mawili. Zinazopigwa leo kwa jina hilo zimechopolewa kutoka konseto zake za hapsikodi (kinanda cha kale cha nyuzi), BWV 1052 hadi 1059 (BWV ni namba za orodha ya kazi za Bach), alizoziandika kwa mkono wake Leipzig mnamo 1738, pamoja na BWV 1060 ya hapsikodi mbili. Wanaozichopoa husema wanarudisha kilichopotea. Wanaowapinga husema kilichopotea hakijulikani kilikuwaje, kwa hiyo kinachouzwa ni kazi ya mhariri yenye jina la Bach juu yake.

Hoja ya wanaorudisha ina mguu imara, nao ni tabia ya Bach mwenyewe. Konseto ya fidla ya E meja (BWV 1042) aliigeuza kuwa ya hapsikodi katika D (BWV 1054). Ile ya A maina (BWV 1041) ikawa G maina (BWV 1058), na ile ya fidla mbili ya D maina (BWV 1043) ikawa C maina (BWV 1062). Kila mara anashuka sauti nzima, kwa sababu fidla hufika E ya juu na hapsikodi aliyoiandikia ilikomea D. Hizi tunazo pande zote mbili. Ni halali basi kudhani kwamba hata konseto zisizo na nakala ya awali zilizaliwa kwenye ala nyingine.

BWV 1055 ndiyo yenye ushahidi mzito. Iko katika A meja, ufunguo unaoikera obo ya kawaida ya enzi hizo: ilikuwa na vitufe viwili au vitatu tu, na C shapu ya chini haikuwa na kidole chake. Lakini obo d'amore, ndugu wa obo mwenye sauti ya chini zaidi, hulia nusu sauti tatu chini ya nota iliyoandikwa. Kwa mpigaji wake, A meja ni vidole vya C meja, na ile Larghetto (sehemu yake ya polepole) ya F shapu maina ni vidole vya A maina. Mchambuzi wa muziki wa Uingereza Donald Tovey aliliona hilo miaka ya 1930, na wengi wamemfuata. Wapo waliopendekeza viola d'amore, ala ya nyuzi, badala yake, ila sioni kwamba hoja yao inakidhi kama hii ya vidole.

Tatizo ni kwamba kujua ala si kujua nota, na hapa wapinzani wana kipimo kizuri wasichokitumia vya kutosha. Konseto ya obo ya Mwitalia Alessandro Marcello katika D maina ilichapishwa Amsterdam takriban 1717, na Bach aliigeuza kuwa ya kinanda pekee (BWV 974). Pande zote mbili zipo, na ni obo kweli, si fidla. Ukizilinganisha utaona Bach aliuacha ufunguo ulivyokuwa. Obo haipandi kuliko kinanda, kwa hiyo hakuna cha kushusha. Kwenye Adagio, sehemu ya polepole, ambako Marcello ameandika mstari mtupu, Bach amejaza mapambo nota kwa nota. Jambo hilohilo linaonekana kwenye Sinfonia (kipande cha ala tupu) ya kantata BWV 156, kazi ya kuimbwa kanisani, ambako obo inaimba wimbo uleule wa Largo ya BWV 1056, tena kwa urahisi zaidi. Sasa mhariri akishika Larghetto ya BWV 1055 atafuta mapambo yapi na kuacha yapi? Kila toleo linajibu kivyake.

Pumzi nayo ni shahidi. Mwanya wa matete mawili ya obo ni mwembamba, hewa hutoka kidogo kidogo, na mpigaji huishiwa si kwa kukosa hewa bali kwa kujaa hewa chafu. Anahitaji nafasi ya kutoa kwanza, kisha kuvuta. (Mpiga nzumari wa pwani hulimaliza hilo kwa kuzungusha pumzi mashavuni, lakini mtunzi wa karne ya 18 aliandika vituo.) BWV 1053 inapogeuzwa kuwa konseto ya obo, vipande vyake vya kwanza na vya mwisho vina mistari mirefu isiyo na kituo. Mhariri hulazimika kukata nota au kuzipa fidla za okestra. Chanzo kingine tulicho nacho, kantata BWV 169 na 49 za 1726, kinampa sehemu hiyo mpiga ogani, asiyehitaji kuvuta pumzi. Kwangu mimi, kwamba BWV 1053 ilikuwa ya obo haijathibitika.

BWV 1060 kwa obo na fidla inaridhisha zaidi: hapsikodi moja ina mirukoruko ya ala ya nyuzi, nyingine ina mistari ya kuimbika yenye upana mdogo. Ufunguo ndio wenye ugomvi. Kazi tuliyo nayo ni ya C maina. Ukifuata kanuni ya fidla ya kushuka sauti nzima, asili ni D maina. Ukisema mstari wa fidla haukulazimu kushushwa, ni C maina. Matoleo yote mawili yanauzwa, kwa hiyo nota za mpigaji pekee na za okestra zitoke kwenye toleo moja. Vinginevyo mazoezi ya kwanza yataishia kwenye kunakili.

BWV 1059 ni hali nyingine kabisa. Zimebaki baa tisa tu. Mhariri huchukua sinfonia mbili za kantata BWV 35, ambazo nazo ni za ogani, na katikati mara nyingi huweka Sinfonia ya BWV 156. Muziki wote ni wa Bach, lakini hakuna karatasi yake inayouunganisha hivyo. Programu ya onyesho iandike „imeunganishwa na” na jina la aliyefanya hivyo.

Anayetaka konseto isiyo na mjadala wa namna hii anayo ya Marcello, na za Mwitalia mwenzake Albinoni: mikusanyo yake Opus 7 ya 1715 na Opus 9 ya 1722, kila moja ikiwa na nne za obo moja na nne za obo mbili. Aanze na Opus 9 namba 2, ya D maina.